Dodoki Zuri Utalijua Asubuhi

Habari zenu wapendwa, na asanteni kwa kuja. Nimeombwa niongee kuhusu madodoki ya kufuma, haya ya kuoshea vyombo tunayoyafuma kwa sindano mbili au kwa kroshia, na nimeambiwa nisipitilize muda maana watu wanataka kushika uzi, kwa hiyo salamu ndefu naziacha naingia kwenye mada.

Nina jambo moja tu, mengine yote nitakayosema yanatokana na hilo. Dodoki usilipime likiwa jipya. Likiwa jipya kila dodoki ni zuri, rangi inawaka, stichi zimekaa, ukilipiga picha ukaliposti unapata laiki zako. Wewe lipime hivi: vyombo vya usiku vikishaoshwa, likamue, litundike, kalale, halafu asubuhi nenda kalishike. Kama limekauka, aliyelifuma anajua anachofanya. Kama asubuhi ukiliminya bado linatoa maji basi hapo umetundika tatizo jikoni, na haijalishi limefumwa kwa umbo la ua, la bata au la nanasi lenye majani yake.

Kwa nini nakomaa na kukauka? Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani walitoa utafiti wao kuhusu masponji ya jikoni, yale ya kununua. Walichukua masponji 14 yaliyokuwa yanatumika majumbani kwa watu, wakakuta kuna sehemu ndani ya sponji bakteria wanafika bilioni 54 kwenye sentimita moja ya ujazo, yaani kipande kinachokaribiana na dadu ya kuchezea ludo. Bilioni, sio milioni. Sasa sio kwamba wote hao ni wa kuleta ugonjwa, wengi hawana habari na mtu mwenye afya yake, mimi kilichonishtua ni kitu kingine, kwamba yale masponji ambayo wenyewe walisema huwa wanayasafisha mara kwa mara hayakukutwa na bakteria wachache kuliko yale yasiyosafishwa. Ukifikiria unaona sababu: sponji ndani ni matundu matundu, yanashika maji, yanashika vipande vya chakula, lina joto la jikoni, halafu tunaliacha limelala pembeni ya sinki kwenye dimbwi lake. Unaua leo, waliobaki kesho wameshajaza nyumba.

Dodoki la kufuma halijaumbwa likiwa safi kuliko sponji, naomba hilo tusidanganyane, maana kuna watu wanauza kwa maneno hayo. Uzi nao unashika maji, chakula nacho kinaingia kwenye stichi. Tofauti ni kwamba sisi ndo tunaamua liwe jembamba kiasi gani, tuache matundu makubwa kiasi gani, na litundikwe wapi. Sponji limeshaamuliwa kiwandani. Hapo ndipo mfumaji ana nguvu na wengi wetu hatuitumii, tunafikiria umbo na rangi tu.

Haya, tuanze na unene. Kuna mtindo wa kufuma duara mbili halafu kuzishona pamoja, na wengine wanajaza katikati vipande vya nguo au mabaki ya uzi ili liwe nene, linajaa mkononi. Duara mbili nakubali, tena kama uzi ni wa plastiki na stichi ziko wazi hazina shida kabisa. Ila kujaza, jamani, kujaza acheni. Ile katikati haioni upepo hata siku moja. Hata yale ya umbo la mnyama au tunda yenye tumbo nasema hivyo hivyo, ni mazuri, natamani kuyaangalia, lakini yafumeni kama pambo muyatundike ukutani, msiyatie kwenye maji ya vyombo.

Halafu stichi. Kwenye kroshia singo, ile stichi fupi, inatoa kitambaa kigumu, kimebana, kinasugua vizuri ila maji yanatoka kwa shida. Dabo inakuwa ndefu, inaacha nafasi kati ya stichi na stichi, maji yanapita, ukilikung'uta limeshapoteza nusu ya maji. Mimi kwa dodoki napenda dabo, na kama nataka lisugue zaidi naongeza vibonge kwenye raundi ya mwisho, zile stichi ambazo unafuma dabo nne au tano kwenye tundu moja halafu unazifunga kwa juu zinavimba. Vibonge vinafika kwenye kona za bakuli ambako kitambaa bapa hakifiki. Lakini vibonge vya raundi moja vinatosha, ukijaza dodoki zima unarudi kule kule kwenye unene.

Wa sindano mbili, nyie mfumo wenu ni stichi ya kawaida kila mstari, mbele na nyuma bila kubadilisha, inatoa matuta pande zote mbili na ndo hayo matuta yanayosugua. Ile ya kufuma mstari mmoja kawaida na mmoja kinyume, inayotoa uso laini kama wa sweta, kwa dodoki haifai kwa sababu mbili, inajikunja kingo, na ule uso laini unateleza tu juu ya uchafu. Kingine, kitambaa cha sindano mbili kinavutika kuliko cha kroshia, kikilowa kinarefuka, kwa hiyo tumia sindano ndogo kidogo kuliko unavyoambiwa kwenye lebo ya uzi. Sio ndogo sana. Kidogo tu.

Sasa uzi, na hapa nitakaa kwa sababu ndo panaleta maswali mengi.

Pamba. Pamba ina sifa moja ambayo watu wengi hawaijui, ikilowa inakuwa na nguvu zaidi kuliko ikiwa kavu, wakati nyuzi nyingi ni kinyume chake. Ndo maana unaweza kuikamua, kuichemsha, kuisokota, na haikatiki ovyo. Haiyeyuki, ukiigusisha kwenye kitu cha moto sana itaungua, ila haitakuachia plastiki kwenye sufuria. Glasi, sahani, vikombe, sufuria zile zenye tabaka la kutogandisha, hizo zote pamba ndo mwenyewe. Ubaya wake ni mmoja, inakunywa maji, na ikishayanywa haiyaachii haraka. Kwa hiyo dodoki la pamba lazima liwe la tabaka moja, stichi wazi. Pamba ya unene wa kati, sindano ya kroshia milimita 5, unapata kitu kizuri.

Akriliki, uzi wa plastiki unaofanana na sufu. Huu ndo uzi ambao kila mfumaji ana mabaki yake kwenye mfuko. Haunywi maji kama pamba, unakauka haraka, na vile vinyweleo vyake vinakamata mafuta vizuri, Japani wamezoea sana madodoki ya akriliki na wanaosha navyo vyombo visivyo na mafuta mengi kwa maji tu au sabuni kidogo mno. Inafanya kazi kweli. Ila akriliki na moto haviendani, sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi isubiri ipoe, la sivyo uzi unalainika, unang'ang'ania, unakuwa mgumu kama kucha.

Poliesta ya manyoya, ule uzi uliotengenezwa maalumu kwa ajili ya kusugua, ukiushika unakwaruza na una nywele nywele. Wakorea wao wanapenda wa poliesta unaometameta. Unasugua vizuri kuliko pamba na akriliki, unakauka upesi, na unadumu. Poliesta inayeyuka kwenye nyuzi joto 250 hivi kwenda 260, unaweza kuona ni nyingi lakini kikaango kikavu kilichosahaulika juu ya moto kinafika huko bila shida. Tatizo kubwa la uzi huu ni kuufuma. Huoni stichi! Kwa kweli huoni, yale manyoya yanaziba kila kitu, mtu anayejifunza ukimpa uzi huu kwa mara ya kwanza unamkatisha tamaa ya kufuma maisha yake yote. Unafuma kwa kupapasa, kidole kinatafuta tundu, na lazima uweke alama kila mwanzo wa raundi maana ukipoteza hesabu hakuna wa kukusaidia, na kufumua ndo usahau, manyoya yanashikana.

Dawa ya hapo ni rahisi, na ningependa mtu akisahau yote asisahau hii. Shika nyuzi mbili kwa pamoja, mmoja wa pamba na mmoja wa manyoya, fuma kama ni uzi mmoja kwa sindano ya milimita 6. Pamba inakuonyesha stichi, manyoya yanakupa ukali, na dodoki linakuwa katikati, linanywa maji kidogo, linasugua kiasi. Mimi hili ndo nalipenda kuliko yote kwa kazi ya kila siku.

Neti ya nailoni, ile ya tuli, hiyo ndo ya zamani, wafumaji wengi walianzia hapo kabla uzi wa manyoya haujatoka. Unaikata mikanda ya upana wa sentimita 5 hivi, unaiunganisha, unafuma kwa sindano nene ya milimita 6 mpaka 9. Inasugua balaa na inakauka ukiiangalia. Lakini inachosha mikono, neti haitelezi kwenye sindano, kila stichi unaivuta, kwa hiyo mwenye maumivu ya viungo naomba asijitese, au afume raundi moja apumzike. Wengine wanatumia zile neti za kufungashia vitunguu, sawa, ni kuokoa kitu ambacho kingetupwa, ila jua zile ni plastiki laini zaidi, usizichemshe, na zioshe vizuri kabla hujazigusa.

Katani na juti, zile nyuzi za kamba na magunia. Hapa wapenzi wa mazingira huwa wanafurahi, na mimi nafurahi nao, ila kuna mambo. Kamba ya juti ukiinunua inanuka kama mafuta ya taa kwa mbali, ni kwa sababu kiwandani nyuzi zake zinalainishwa kwa mafuta ili zisokoteke, kwa hiyo iloweke kwenye maji ya moto na sabuni kwanza, umwage, urudie. Juti inasugua vizuri sana na ikichoka inarudi ardhini. Ila ikikaa mbichi inaoza mapema kuliko nyuzi zote nilizotaja, na mwanzoni inaachia nyweleo kwenye vyombo. Katani ni kali zaidi, ya sufuria nzito na sinki, mikono yako itaijua. Huu ni uzi wa mtu mwenye jikoni lenye hewa, kama kwako dodoki linatundikwa kwenye kona isiyopita upepo usianze na huu.

Sufu hapana. Sufu ikikutana na maji ya moto na kusuguliwa inajikaza, inakuwa kama kapeti, matundu yote yanaziba. Fuma soksi.

Mtu ataniuliza, sasa hili dodoki la uzi litasugua sufuria iliyoungua? Jibu fupi ni hapana, na sababu yake ni nzuri kuijua. Zile pedi ngumu za kijani za dukani zina chembechembe za madini zilizogandishwa ndani, aluminiamu oksaidi, ni kitu kigumu kuliko hata glasi, ndo maana zinatoa uchafu na zinaondoka na mng'aro wa chombo chako. Stilwaya nayo inakata kwa chuma chenyewe, halafu inaacha vipande vinavyoota kutu kwenye sinki. Dodoki letu halina madini wala chuma. Linafanya kazi kwa matuta na nyweleo, linakwangua kilichokaa juu, linakamata mafuta, basi. Kwa hiyo halikwaruzi glasi, halikwaruzi stili, na kwa upande mwingine halitakutolea masizi ya jana. Sufuria iliyoungua iweke maji na vijiko viwili vya baking soda, ichemke kidogo, izime, iache ipoe, ndo uje na dodoki lako la manyoya, utaona linavyobandua. Ukilazimisha kavu kavu unaumiza mkono na unaumiza dodoki.

Na kitu kimoja kidogo kwenye hapo hapo, chombo chenye mabaki ya yai, maziwa au unga kipe maji ya baridi kwanza. Maji ya moto yanapika yale mabaki yanagandia zaidi, halafu yanaingia kwenye stichi za dodoki na kuyatoa humo ni kazi nyingine.

Tufume sasa, kwa mdomo, wenye daftari waandike. Hili ni la kroshia, duara la tabaka moja. Cheni nne, yaani vitanzi vinne vinavyofuatana, unganisha iwe pete. Najua kuna ile pete ya kuvuta ambayo inafunga katikati kabisa, ni nzuri kwa wanasesere, kwa dodoki siipendi, ukisugua wiki mbili tatu ule uzi wa kuvuta unalegea na katikati panafunguka. Cheni nne haifunguki. Panda kwa cheni tatu, hizo zinahesabika kama dabo ya kwanza, halafu fuma dabo 11 ndani ya pete, jumla 12, unganisha. Raundi ya pili dabo mbili kwenye kila stichi, unapata 24. Raundi ya tatu, moja, halafu mbili, moja, halafu mbili, mpaka umalize, unapata 36. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano ya 5 hapo uko kwenye kipenyo cha sentimita 10 hivi, kiganja kizima, inatosha. Raundi ya mwisho singo kuzunguka kote ili kingo zisivutike. Likiwa linakunjamana kingo, una stichi nyingi kuliko zinazohitajika. Likiwa linajikunja linakuwa kibakuli, stichi chache, au umebana sana. Wanaofuma kwa singo mwanzo mpaka mwisho hesabu yao ni nyingine, unaanza na 6 na unaongeza 6 kila raundi, usichanganye hizo hesabu mbili maana ndo chanzo cha vibakuli vingi ninavyoletewa.

Ukichukua patani mtandaoni angalia kwanza ni ya Marekani au ya Uingereza, majina yao ya stichi yamepishana hatua moja, dabo ya Mwingereza ni singo ya Mmarekani. Mimi hapa natumia majina ya Kimarekani.

Wa sindano mbili ninawapa ile ya pembe kwa pembe, kwa sababu haihitaji upime ukubwa. Anzisha stichi 4, fuma mstari mmoja. Kuanzia hapo kila mstari, fuma stichi 2, zungusha uzi juu ya sindano, fuma mpaka mwisho. Kila mstari unaongezeka stichi moja, kinatokea kijipembetatu chenye vitundu pembeni. Kitambaa kamili cha kufutia watu huwa wanafika stichi 45 hivi, dodoki unaishia hata 28 au 30. Kurudi unafuma 1, unaunganisha 2 ziwe 1, zungusha uzi, unganisha tena 2, malizia mstari, kila mstari unapungua moja mpaka zibaki 4, funga. Uzuri wa hii ni kwa wenye mabaki. Una kibunda cha uzi hujui kitatosha? Kipime kwenye mizani ya jikoni kabla hujaanza, ukifikia nusu ya uzito wake anza kupunguza, utamaliza na kiuzi kidogo tu mkononi.

Kumalizia. Hapa ndo madodoki mengi yanafia. Acha mkia wa sentimita 15, sio tatu, upitishe kwa sindano ya kushonea upande mmoja, geuza, rudi, geuza tena uende upande mwingine. Akriliki na poliesta zinateleza, kwa hizo mimi napiga na fundo kabisa. Najua kuna walimu wanaokataza mafundo, wako sahihi kwenye shali, ila dodoki linavutwa, linakamuliwa, linakwaruzwa na uma, hakuna anayekuja kukagua upande wa nyuma. Na kitanzi. Cheni 12 mpaka 15 pale pembeni, rudi funga kwenye stichi ile ile, zidishia singo juu ya cheni kama unataka kiwe imara. Dodoki bila kitanzi sio dodoki kamili, narudia, maana bila kitanzi litalala, na likilala linabaki bichi upande wa chini.

Rangi. Watu wanapenda rangi nzito kwa sababu hazionyeshi uchafu, mimi naona hiyo ndo sababu ya kuziacha. Nataka nione. Rangi za mwanga zinakuambia zenyewe lini zimechoka. Ila tumieni rangi kugawa kazi, moja ya vyombo, nyingine ya sinki na meza, na kama umekatia nyama mbichi kibao hicho kiwe na dodoki lake lisilogusa sahani. Pamba nyekundu na ya bluu iliyokoza inachuja mwanzoni, iloweke peke yake kwanza.

Kulitunza. Uwe na kadhaa, usiwe na moja. Hiyo ndo faida ya kufuma mwenyewe, leo hili, kesho lile, lililotumika linaenda kwenye nguo chafu. Pamba ichemshe dakika tano au ifue na taulo kwenye maji ya moto kabisa. Poliesta inavumilia mashine ya maji ya nyuzi 60. Akriliki maji ya vuguvugu inatosha. Dawa ya klorini mara moja moja kwenye pamba nyeupe sawa, kwa nailoni usitumie inaidhoofisha, na popote ulipotumia klorini usichanganye na siki, mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu na watu wameumia kwa kitu kidogo hivyo. Likianza kunuka hata baada ya kufuliwa, au limekuwa na utelezi, limekwisha, usilionee huruma kwa sababu ulilifuma mwenyewe. Lishushe cheo, likasugue viatu.

Kuna dada ameniandikia kabla ya leo akiuliza, hivi na haya ya plastiki sio kuchafua maji? Swali zuri na sitaki kulizunguka. Nyuzi za plastiki zinaachia vinyuzi vidogo visivyoonekana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, mwaka 2016 walifua vitambaa wakahesabu, mzigo wa kilo 6 wa akriliki ukakadiriwa kutoa vinyuzi zaidi ya 700,000, poliesta karibu 496,000, na mchanganyiko wa poliesta na pamba karibu 138,000. Hizo ni nguo kwenye mashine, sio dodoki la gramu 20 kwenye beseni, kwa hiyo usichukue namba hiyo ukaibandika kwenye dodoki lako. Ila mpangilio wake unasema kitu, akriliki ndo inaongoza kumwaga. Msimamo wangu ni huu: kama una mabaki ya akriliki yamejaa nyumbani, yafume, yameshanunuliwa, ila ukienda dukani kununua uzi mpya kwa ajili ya dodoki nunua pamba au juti, na ukali ukihitajika changanya na kiuzi kimoja cha poliesta. Pamba tupu ikichoka unaweza kuikata kata ukaifukia kwenye mboji. Ikiwa imechanganywa na plastiki, hapana, hiyo inaenda kwenye taka.

Wanaouza, mambo mawili tu. Andikeni kwenye kikaratasi ni uzi gani, maana mnunuzi akichemsha akriliki akiamini ni pamba atarudi na lawama, na atakuwa na haki. Na msiandike eti linaua bakteria, haliui. Andikeni linakauka haraka, kama kweli linakauka, mmeshalijaribu usiku mmoja.

Wageni kabisa wa kufuma, nyie mna bahati, hakuna kitu kizuri cha kuanzia kama hiki. Ni kidogo, kinaisha siku hiyo hiyo, stichi ikipishana haionekani baada ya kulowa mara mbili, na hata kikiwa na pembe tano badala ya nne bado kinaosha sahani. Chukueni pamba ya rangi moja, ya mwanga, isiyo na manyoya. Ule mfuko wa uzi wa manyoya pale mezani ni kwa wenye uzoefu, tafadhali msiuguse leo hata kama unawaita.

Maswali nitayachukua tukiwa tunafuma. Wanaotumia mkono wa kulia kaeni ubavuni kwangu ili muone mikono yangu inavyokwenda. Mashoto nyie njooni mkae mbele yangu tutazamane, mfuate kama mnajiangalia kwenye kioo, na ile hesabu ya 12, 24, 36 haibadiliki, nyie mtazunguka upande wa pili tu.